Adabu ya Shaka

Katika siku zote za Ramadhani iliyopita, mwanangu, ipo moja ambayo nikifumba macho tu naiona. Mama yangu kasimama kwenye jiko la watu, mikono ina maji, na mimi kando yake, trei za kaimati ziko kaunta. Kuna swali limeulizwa. Swali lenyewe linataka ndiyo au hapana, na mimi sina hata moja.

Nikueleze kwanza, usije ukanicheka. Hujazaliwa. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na sita, bado navaa yunifomu, bado mama ananiuliza kama nimepiga mswaki. Lakini humu daftarini nimezoea kukuandikia wewe, kwa sababu nikiwaza kuwaandikia wakubwa naona haya, na nikiwaza wenzangu wa shule najikuta najifanya mtu mwingine. Wewe kwa sasa huwezi kunikatiza. Bi Rukia, bibi wa Kizanzibari tunayekaa naye nyumba moja hapa Rashidiya, Dubai, huniita "mwanangu" kila anapotaka kuninasihi, nami nimeliazima neno hilo kwake. Siku utakapoyasoma haya nitakuwa mtu mzima, na watu wazima husahau walikuwaje. Kwa hiyo nakupa nasaha zangu sasa, zikiwa bado za moto.

Mimi ni mtu wa haya. Si zile haya ambazo wakwe huzisifia. Hizi zangu ni za kushikwa na kikohozi ukiitwa jina darasani. Na mtu wa haya akiishi Dubai amepata bahati moja kubwa, nayo ni neno inshallah. Hapa kila mtu analo, Mwarabu, Mhindi, Mfilipino, hata dereva wa basi asiyekuwa Mwislamu. Lifti itatengenezwa lini? Inshallah. Mzigo utafika kesho? Inshallah. Ni neno tukufu, na mimi nilikuwa nikilitumia kama shuka la kujifunika. Nikiulizwa jambo na sina jibu, au ninalo na naogopa, nasema inshallah na kuangalia chini. Aliyeuliza huridhika, anakwenda zake.

Basi wiki ile shuleni, sir wetu wa Kiingereza, Mhindi mmoja mpole anayevaa tai hata siku za joto kali, aliandika neno moja ubaoni. Doubtful. Akasema leo tutakaa na hili hili tu.

Alianza na mpira, akijua wavulana wamesinzia kwa saumu. Mchezaji akiumia goti, akasema, magazeti huandika kwamba ni doubtful kwa mechi ya Jumamosi. Hajatolewa kwenye timu, na wala hakuna anayekuahidi kwamba atacheza. Wavulana wakaamka. Halafu akasema jambo likiwa doubtful, yaani halijulikani litakuwaje, basi mara nyingi mizani imelalia kidogo upande wa hapana. Ukisema mvua kesho ni doubtful, usibebe mwavuli. Hapo darasa likacheka, maana mvua yenyewe hapa ni habari ya kupigiana simu. Kisha akaeleza kwamba hata mtu anaweza kuwa doubtful. Mtu huyo si mbaya wala si mwongo, ila moyo wake haujatulia juu ya jambo fulani. Na lazima aseme jambo gani, akasisitiza. Mtu hawi doubtful hivi hivi tu hewani. Anakuwa doubtful kuhusu kitu.

Akanigeukia mimi. "Je, wewe, kuna chochote katika neno hili ambacho uko doubtful nacho?"

"Inshallah, sir," nikasema.

Mwanangu, waliangua kicheko mpaka darasa la jirani wakagonga ukuta. Tangu siku hiyo kuna mvulana mmoja wa nyuma akiniona getini ananiita Inshallah Sir. "Inshallah Sir, umefanya homework?" Nami nilikuwa napita kwa haraka nikijidai natafuta kitu kwenye begi.

Lakini neno lile lilinikaa. Nilikuwa nimelala na kiyoyozi kinanguruma, nalifikiria. Kwetu sisi mtu husema "nina shaka", na ukimwambia hivyo mkubwa wako umemtukana. Nyumbani kwetu mtu akisema ana shaka, wa kwanza kuuliza ni yule aliyekaa karibu: "Una shaka na nani? Na mimi?" Ndiyo maana hatusemi. Tunakaa na mashaka yetu kimya kimya kama mtu mwenye jino bovu kwenye karamu. Na mimi nikajiuliza, hivi inawezekana mtu awe na shaka na kitu bila kumgusa mtu yeyote? Sir alisema inawezekana. Ila sir hajawahi kukaa na mama yangu.

Sasa nije kwa Bi Rukia. Aliletwa Dubai akiwa bibi harusi, wakati ambapo, kwa maneno yake, Rashidiya ilikuwa mchanga na mbuzi. Mumewe ameshatangulia, wanawe wana kazi zao na majumba yao, lakini yeye amekataa kuhama. Anakaa vyumba vya mbele, na vya nyuma anatupangisha sisi. Magoti yanamuuma, kwa hiyo mwezi wa Ramadhani mimi humsaidia kupika kila jioni. Kiunguja chake hakijapata vumbi hata kidogo, na ulimi wake haujui kupaka mafuta.

Jioni moja nilikuwa nakoroga mchuzi wa samaki wa nazi. Akaniuliza kutoka kitini, "Chumvi imekolea?"

"Inshallah, Bi."

Akanigeukia kitini. Kisha akasema, "Miye nimeuliza chumvi, weye unanijibu dua."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umeonja?"

"Nimefunga, Bi."

"Ncha ya ulimi, kisha unatema, mpishi karuhusiwa. Hulijui hilo?"

"Nalijua."

"Basi hukuonja kwa uvivu. Na badala ya kuniambia sijui, Bi, sijaonja, umemtia Mungu mbele usimame nyuma yake. Jina la Mwenyezi Mungu si pazia, mwanangu. Ukisema inshallah, uwe umekusudia kitu na unaomba akiwezeshe. Chumvi ipo au haipo. Hapo hapaombwi."

Nilijisikia uso unawaka. Akaona, akapunguza sauti.

"Hebu nambie. Umesimama kwenye sala, umesahau, hii ni rakaa ya tatu au ya nne. Unafanyaje? Unajidai unajua?"

"Nashika ile ya chini, ya tatu, ndiyo niliyo na uhakika nayo. Naongeza moja. Halafu kabla ya kutoa salamu nasujudu sijda ya kusahau."

"Nani kakutukana kwa kusahau?"

"Hakuna."

"Sala imeharibika?"

"Haikuharibika."

"Umeona basi. Shaka lina adabu zake. Huliogopi, hulifichi. Unashika la yakini, unaendelea, na unainama. Mungu mwenyewe ametuwekea hivyo kwenye sala, sembuse kwenye mchuzi. Haya, onja."

Nilionja. Chumvi ilikuwa haba. Tuliongeza.

Sasa ile siku.

Mama anapika kwenye villa moja Al Warqa. Anatoka asubuhi na kurudi jioni, na ameshakaa na madam huyo muda wa kutosha kujua nani katika nyumba ile hapendi kitunguu. Madam si mkali. Ila alikuwa na tabia moja iliyokuwa ikimuumiza mama bila mama kusema. Akiuliza jambo na mama akajibu yes madam, anauliza tena. Mama akijibu tena, anakwenda kufungua sufuria mwenyewe. "Zulfa, maziwa mazuri?" Yes madam. "Sure?" Yes madam. Kisha anafungua friji na kuyanusa. Mama akirudi nyumbani anasema, "Sijui kwa nini haniamini yule, na mimi sijamwambia no hata siku moja."

Siku moja mama alibeba kaimati zake za nyumbani kidogo, madam akaonja, na tangu hapo akazipenda. Alipoandaa futari ya ndugu zake wote akamwambia mama alete trei mbili. Jiko la villa siku hiyo lingekuwa na kuku, wali na vyote, kwa hiyo mama alizikaanga kwetu alfajiri baada ya daku, akaacha mafuta karaini yapoe, akaenda kazini mapema, na mimi nikitoka shule nizichukue nizipeleke. Shira tungezimwagia huko huko. Kwa mama haikuwa kazi ya kawaida. Aliniambia, "Leo ndugu zake wote watakula cha mkono wangu." Alikuwa amepaka wanja kidogo, mama yangu, kwenda kukaa jikoni.

Nilipofika nyumbani kuchukua trei, nilipita kwenye sinki kunawa mikono. Chujio la mafuta lilikuwa limeegemezwa hapo kukauka. Kwenye wavu wake kulikuwa kumeganda maganda mekundu ya njugu.

Nikueleze jiko letu. Tunalitumia na Anti Mishi, mpangaji mwenzetu, mama wa Kwale anayefanya kazi saluni huko Silicon Oasis. Karai kubwa ni moja, na mafuta yakishakaanga yanachujwa na kurudishwa kwenye kopo karibu na jiko, kesho mwingine anayatumia na kuongeza. Hakuna anayeuliza ni ya nani. Ndivyo tunavyoishi, na hakuna ubaya. Sasa jana yake Anti Mishi alitengeneza chevda, ule mchanganyiko wa viazi na njugu, ya kupeleka kazini, na chevda bila njugu za kukaanga si chevda. Niliyatazama yale maganda, nikasema haya, nikachukua trei zangu na kukimbilia basi. Halikuwa na maana yoyote kwangu wakati ule.

Nimeingia jikoni kwa madam, nimeziweka trei kaunta, jasho linanitiririka, na hapo hapo madam akaingia na simu mkononi. Alikuwa amemaliza kuzungumza na dada yake. Akasema kwa Kiingereza, "Zulfa, dada yangu anakuja na mtoto wake mdogo. Yule hagusi njugu. Karanga, lozi, chochote. Mara ya mwisho koo lilivimba, tulimkimbiza hospitali hapumui vizuri. Na anapenda vitu vitamu kuliko chakula. Hizi hazina njugu?"

"No nuts, madam," mama akasema.

"Sure?"

"Yes, madam. Sure."

Na mama hakudanganya, mwanangu, ulishike hilo. Unga, hamira, tui, iliki. Alichokitia alikuwa anakijua. Madam akaiinua moja, akainusa kama kawaida yake, akairudisha na kutoka kwenda kupanga tende mezani.

Mimi akilini nilikuwa nayaona yale maganda mekundu.

"Mama," nikanong'ona, "mafuta uliyokaangia ni yale ya kopo?"

"Ya kopo na mengine mapya juu yake. Kwani?"

"Anti Mishi alikaanga njugu jana."

Mikono ya mama ilisimama kwenye bomba. "Mishi ana sufuria yake."

"Chujio lina maganda ya njugu, mama. Nimeyaona sasa hivi."

"Pengine alipepetea njugu mbichi humo."

"Pengine. Tumpigie."

Tulimpigia. Simu iliita mpaka ikakata, tukajaribu tena, ikawa vile vile. Saluni kwao simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Mama akaiweka simu chini, akafuta mikono taratibu.

"Sikiza, mamangu. Nshamwambia yes. Nimwambie nini tena? Nimwambie nilisema yes na sijui? Ndugu zake wote wako njiani. Hilo ni shaka lako tu."

"Ndiyo, mama. Ni shaka langu."

"Basi wanitia shaka mbele ya watu? Wewe, mwanangu wa kuzaa?"

Hakusema kwa sauti. Angesema kwa sauti ningevumilia. Macho yake yalikuwa yamejaa, na wanja ulikuwa unataka kushuka. Nilijua anaogopa nini. Anaogopa kunusiwa maziwa maisha yake yote, au kuambiwa khalas, usije kesho. Na mimi ndiye ningekuwa nimemsababishia.

Nikakumbuka lile neno la Bi Rukia. La yakini hapa ni lipi? Kwamba kuna njugu, sina yakini. Kwamba hakuna, sina. Nilichokuwa na yakini nacho ni koo la mtoto, na kwamba mimi sijui. Basi nikashika hayo.

Nilimfuata madam mezani. Nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mlango wa lile jiko kwenda upande wa pili. Nikasema "Madam", na sauti ikatoka kama ya mtu aliye chini ya blanketi. Akageuka.

"I'm doubtful about the oil," nikasema.

Akakunja uso. "Doubtful? Mama yako amesema sure."

"Mama ana hakika na alichokitia, madam. Ni kweli hakutia njugu. Mimi siko doubtful kuhusu mama. Ni kuhusu mafuta. Jiko letu tunalitumia wengi, na mwenzetu alipika njugu jana. Huenda mafuta ni yale yale."

"Kwa hiyo kuna njugu?"

"Sijui, madam."

"Hakuna?"

"Sijui."

"Wewe msichana, niambie jambo moja. Yes au no?"

Mwanangu, inshallah ilinipanda mpaka kwenye meno. Niliisikia pale, tamu, tayari kunifunika. Nikaimeza.

"Doubtful," nikasema tena. "Asizile."

 Nyuma yangu nilisikia bomba la maji likifungwa. Madam alinitazama, akamtazama mama aliyesimama mlangoni, akarudi kunitazama mimi. Kisha akaweka bakuli la tende chini.

"Zitoeni nje. Kaunta ioshwe yote kwa sabuni, na mikono yenu." Akamgeukia mama. "Zulfa, kwa nini hukuniambia?"

"Hakujua, madam," nikajibu mimi kabla mama hajafungua mdomo. "Mimi ndiye nimeona chujio leo mchana. Nimemwambia sasa hivi." Na ilikuwa kweli tupu, kwa hiyo ilitoka bila kutetemeka. Halafu, sijui nilipata wapi kifua, nikaongeza, "Tukipata mafuta ambayo hayajafunguliwa, mama atakaanga nyingine hapa hapa. Muda upo."

Madam akafungua kabati, akatoa chupa ya mafuta yenye kifuniko chake kizima, akaiweka mbele ya mama.  Yalla, haya fanya, alikuwa anasema kwa macho.

Tuliosha kaunta. Mama alikanda unga mwingine bila kunitazama, akatia hamira, akalibeba bakuli na kuliweka uani juu ya ukuta. Kwa joto la mchana wa Dubai unga unaumuka ukiuangalia. Kabla sijamaliza kusugua, ulikuwa umeshainua kitambaa. Nilimtazama mama akichota na kudondosha, akichota na kudondosha, kaimati zinajigeuza zenyewe kwenye mafuta, mviringo, zote sawasawa kama zimepimwa. Amefunga, amesimama tangu alfajiri, amekasirika, na hakuna hata moja iliyotoka na mkia.

Zile za kwanza nilizipeleka msikiti wa mtaa ule, walikokuwa wamekaa walinzi na watunza bustani kungoja adhana. Kila niliyempa nilimuuliza kwanza kama njugu humdhuru. Mzee mmoja wa Kipathani akasema, "Binti, nimekula njugu tangu sina meno, na nitazila nikiwa sina tena." Wakacheka wote, nami nikacheka nao. Ni watu nisiowajua, mwanangu, na nilikuwa nazungumza nao.

Yule mtoto alifuturu kwa kaimati. Nilimwona kupitia mlangoni, shira imemfika mpaka sikioni.

Kwenye basi la kurudi mama alifumba macho mpaka tulipokaribia kushuka. Ndipo akasema, "Umenivua nguo leo."

"Sikukuvua, mama. Nilisema siko doubtful kuhusu wewe. Nilimwambia hivyo kwanza."

"Nilisikia." Akatazama dirishani. "Pale kwa wakala wa kazi, kabla ya kupanda ndege, walitufundisha neno moja tu. Mkiulizwa, semeni yes madam. Hawakutupa jingine."

 Nilimshika mkono, ulikuwa unanuka iliki.

Anti Mishi alikuwa ndiyo amerudi, tukamkuta anavua viatu. Mama akamuuliza moja kwa moja, zile njugu zako ulizikaangia kwenye nini. Akakaa chini kufikiria.

"Nilianza na sufuria yangu. Halafu ikawa ndogo. Nikachukua karai. Ama? Zii, hapana, ngoja. Karai nilichukua ya kukaangia viazi. Mafuta nilimwaga. Aki ama nilimwaga yale ya kwanza nikabakisha ya pili? Na chujio ni mimi, hiyo najua. Zulfa, kusema ukweli sikumbuki, nilikuwa na saumu na kichwa kilikuwa kinanigonga. Kwani kuna nini?"

Tulitazamana. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa sakafuni karibu na viatu vya Mishi. Mpaka leo, mwanangu, hatujui. Huenda nilimnusuru mtoto, na huenda nilimchosha mama bure na kuwapa walinzi kaimati safi kabisa. Nilikuwa nikidhani kwamba mambo kama haya mwisho wake hujulikana. Hili halijajulikana, na sijutii hata kidogo.

Baada ya siku chache mama alikuwa anaosha vyombo akaniita. "Lile neno lako ulilomwambia madam. Lasemwaje?"

"Doubtful."

"Dautiful."

"Doubtful, mama."

"Si ndivyo nnavyosema?" Akaendelea kusugua. "Leo kaniuliza kuku watatosha, wageni wameongezeka. Nkamwambia, madam, chicken, I'm dautiful. Rice, yes."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Akatuma dereva akaongeze kuku." Akaikung'uta sahani maji. "Na wali hakuufunua."

Sikuelewa mara moja. Alipoona sijaelewa akarudia polepole, na uso wake ulikuwa na kitu nisichowahi kukiona kwenye uso wa mama akizungumzia kazi. "Nilisema rice, yes. Hakuuliza sure. Hakwenda kufunua sufuria."

Tangu wiki hiyo madam hayanusi maziwa. Kwanza nilifikiri ni bahati, kisha nikaelewa. Yes ya mama ilikuwa haina thamani kwa sababu ilikuwa inatoka kila mara, hata pale ambapo mama hana uhakika, na madam hakuwa na njia ya kuitambua ile ya kweli. Sasa anayo.

Nilipomhadithia Bi Rukia, alisikiliza hadi mwisho akikuna goti. Nilingoja anisifu. Akaniuliza, "Na chumvi leo?"

"Sijui, Bi. Sijaonja bado."

"Haya," akasema, na akatabasamu upande mmoja wa mdomo. "Onja."

Basi nasaha zangu kwako ndizo hizi, na uzichukue hata kama nitakuwa nimezisahau mwenyewe. Ukiulizwa na hujui, sema hujui, na useme mapema, kabla watu hawajakaa kula. Anza na lile unalolijua, liweke mezani likiwa safi, halafu ndipo useme shaka lako, na uliseme ni kuhusu nini hasa. Liache shaka likae juu ya kitu, juu ya mafuta, juu ya kuku, juu ya goti la mchezaji. Usilirushe usoni mwa mtu, hasa mtu aliyesimama tangu alfajiri kwa ajili yako. Na ukishasema sijui usikunje mikono, tafuta chupa ambayo haijafunguliwa. Atakayekutaka ujibu yes au no na huna, mvumilie, hata akiwa madam, hata akiwa mimi. Ukinijia na shaka, mwanangu, na mimi nikakuuliza "una shaka na mimi?", nisomee ukurasa huu.

Yule mvulana bado ananiita Inshallah Sir. Juzi nilisimama nikamwambia, "Homework nimefanya. Namba ya mwisho niko doubtful nayo. Wewe umepata ngapi?" Akashikwa na kikohozi.

Neno la Mungu nimelirudisha mahali pake. Nalitumia nikikusudia na kuomba, kama sasa. Mungu akupe ulimi usiojificha na moyo usioaibika kwa kutojua. Akukutanishe na watu wanaouliza kwa nia njema na wanaongoja jibu. Akuweke mbali na kila kinachokudhuru, hata kile ambacho mimi sitakuwa nimekiona kwenye chujio, inshallah.

Kama utakuwa wa kike au wa kiume, kama tutakuwa bado Rashidiya, kama nitaweza kupika kaimati zisizo na mkia, yote hayo niko doubtful nayo. Kwamba dua hii ni yako, hilo nina yakini nalo.